Nyuma ya tuta kuna mtu

"Mjomba, leo nakupeleka paki," mpwa wangu aliniambia, nami nikadhani anazungumzia maegesho, ilhali gari tulikuwa tumeshaliacha. Tulikuwa kwenye mlima mmoja magharibi ya Denver, jimbo la Colorado, mwezi Machi. Mimi nimevaa makoti mawili na bado natetemeka. Yeye, kijana wa miaka 14, mguu mmoja umefungwa kwenye ubao wa theluji na wa pili anausukumia chini, kama watoto wa kwetu wanavyosukuma kigari cha mbao.

Paki aliyoisema ni uwanja wa kurukaruka. Ule wa mlima huo uko karibu na mgahawa wa chini, na mtu asiye na skii anaweza kupanda kwa miguu kando ya uzio hadi mahali wanapopanga foleni. Nikapanda, nikihema. Nimekulia Moshi na niliwahi kujiona mtu wa milimani, lakini huku barabara ya kutoka Denver yenyewe hupita kwenye handaki lililo zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari. Hadi kufika huko kichwa kilikuwa kimeanza kugonga.

Zamu ya mpwa wangu ikafika. Akateremka, akapanda tuta la pili, akaruka, akapotea. Sisemi alianguka kwa sababu sikumwona akianguka. Hakuna aliyemwona. Ukiwa juu, tuta linaziba kila kilicho nyuma yake, na mtu aliyekwisha kuruka huonekana tena pale tu anapotokeza chini zaidi, akienda zake.

Aliyekuwa anamfuata ni msichana mwenye suruali ya pinki, nadhani miaka 16. Alikuwa ameshainama tayari kuanza. Akasubiri. Mpwa wangu hakutokeza. Msichana akasubiri tena kidogo, kisha akateremka taratibu kando ya tuta, akachungulia. Akafungua ubao wake, akapanda kwa miguu hadi kwenye kilele cha tuta ambapo kila aliye juu angemwona, akainua mikono yote miwili na kuipishanisha juu ya kichwa. Foleni nzima ikakaa chini. Vijana saba au wanane, wenye nywele za rangi na muziki masikioni, wakakaa kwenye theluji wametulia kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu mkuu. Hapakuwa na filimbi wala mtu mzima wa kutoa amri. Nimepanga foleni za benki na za mabasi ya mwendokasi pale Kimara, na sijawahi kuona foleni ikijitawala namna ile.

Msomaji ambaye theluji ameiona kwa mbali tu (nasi Moshi tuliiona siku ambazo mawingu ya kilele cha Kibo yalikubali) anaweza kudhani kuteleza ni kuteleza tu. Sivyo. Mlima wa skii umegawanywa kama mji. Huko Marekani duara la kijani linaonyesha njia rahisi, mraba wa bluu ya wastani, almasi nyeusi ngumu. Paki ina alama yake, umbo la yai la rangi ya chungwa, na maana yake ni kwamba ukipita hapa utakutana na vitu vilivyotengenezwa na binadamu. Kuna matuta ya theluji ya kurukia. Kuna reli za chuma na maboksi marefu ya kutelezea juu yake. Milima mikubwa ina pia hafupaipu, yaani mfereji wenye kuta mbili zilizokunjwa kama bomba lililopasuliwa katikati. Kando ya alama huandikwa ukubwa kwa herufi, S, M au L, kama fulana dukani.

Sasa tuta lenyewe, maana hapo ndipo ilipo siri ya adabu yote. Tuta la kurukia halifanani na matuta yetu ya barabarani, ambayo gari hupanda na kushuka palepale. Lina njia ya kuingilia inayokupa kasi, halafu mdomo unaokurusha, halafu sehemu tambarare katikati kama meza, halafu mteremko wa kutulia. Pale meza inapokwisha na mteremko kuanza pana ukingo, nao wenyewe huuita kwa jina la kifundo cha kidole. Anayekuja polepole mno hutua mezani au juu ya kifundo. Anayekuja kwa kasi mno hupitiliza mteremko wote na kutua kwenye tambarare ya mbele. Nafasi ya kutua salama ni ile ya katikati, na ufunguo wake ni kasi.

Wengi hudhani kinachovunja mtu ni urefu aliorukia. Hesabu inasema vingine. Chukua mtu anayetua kwa kasi ya kilomita 54 kwa saa. Akitua kwenye mteremko unaokaribiana na mwelekeo wake, tofauti ikiwa nyuzi 10 tu, kishindo anachopata ni sawa na cha kuruka kutoka kwenye kigoda cha sentimita 35. Mtu huyohuyo, kwa kasi ileile, akitua mahali penye tofauti ya nyuzi 35, kishindo ni sawa na kuanguka kutoka mita 3.8. Hapo ni kama kuanguka kutoka juu ya paa. Hakuongeza kasi. Kilichobadilika ni umbo la theluji iliyompokea.

Wataalamu kama Mont Hubbard wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na James McNeil wa chuo cha Colorado School of Mines wameandika kwa miaka mingi kwamba tuta linaweza kuchorwa kwa hesabu ili popote mtu atakapotua kishindo kisizidi kiasi fulani. Wenye milima wengi hawakushangilia. Theluji hubadilika kila saa, walisema, na mrukaji ndiye anayechagua kasi yake. Yote mawili ni kweli. Lakini mwaka 2004, kwenye mlima wa Snoqualmie jimbo la Washington, kijana mmoja alipitiliza sehemu ya kutua, akavunjika shingo na kupooza. Mwaka 2007 baraza la mahakama likaamua alipwe kiasi cha dola milioni 14, baada ya kukata fungu la makosa yake mwenyewe. Kwangu uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa sababu ya lile fungu lililokatwa: ulimwambia mjenzi ana lake, na mrukaji ana lake.

Nimeeleza umbo la tuta ili ueleweke ule mkao wa msichana wa suruali ya pinki. Kifundo ndicho kinachomficha aliyeanguka. Anayekuja nyuma yake akishaondoka mdomoni hana breki wala usukani, yuko hewani na uzito wake wote, na chini ana ubao wenye kingo za chuma. Akimwona mtu chini yake wakati huo, amemwona bure. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya paki, kabla ya zote zilizobandikwa langoni, ni kwamba huanzi kuteremka mpaka umemwona aliyekutangulia akitoka upande wa pili. Asipotoka, huruki, na unahakikisha waliopanga nyuma yako nao hawaruki. Ikibidi, mmoja husimama kileleni awe macho ya wenzake.

Sheria nyingine karibu zote ni watoto wa hiyo. Zamu yako ikifika unapaza sauti kwamba unashuka, ili kusiwe na wawili wanaodhani zamu ni yao. Huchomeki foleni, hilo ni kosa la aibu kuliko kuanguka. Huketi kwenye mteremko wa kutulia hata kama umechoka, umepoteza glavu au unataka kumpiga rafiki picha. Ukianguka na una nguvu, unajiburura pembeni kwanza, maumivu utayasikiliza huko.

Iko moja ambayo mgeni haioni kabisa. Usisimame kwenye mdomo wa tuta kuchungulia, na usiukwangue kwa ubavu wa ubao ukipunguza mwendo. Mdomo ule umechongwa kwa mkono. Nilimtazama mfanyakazi wa paki akiurudishia umbo. Alikuwa na reki pana, upande mmoja una meno na wa pili ni bapa. Anakwaruza kwa meno, anageuza, analainisha kwa ubapa, anarudi nyuma hatua tatu, anachutama, anautazama kwa jicho moja kama fundi seremala anayepima ubao, anarudi tena. Alifanya hivyo kwa dakika kumi hivi kwa ajili ya mfereji mwembamba ambao mtu mmoja aliuacha kwa sekunde moja. Mfereji kama ule unaweza kuushika ukingo wa ubao wa anayefuata na kumgeuza hewani bila yeye kutaka. Kazi kubwa ya kurundika theluji hufanywa usiku kwa mashine za minyororo, na theluji ya masika ikilainika mno wapo wanaoimwagia chumvi ili igande tena. Nilipoona mfuko wa chumvi nilidhani ni wa jikoni. Mahali mtu wa reki anapofanya kazi huwa pamefungwa, hata kama hakuna kamba.

Kuna jambo la mwili pia. Mtu wa skii hutazama mbele. Mtu wa ubao husimama ubavu. Mpwa wangu hutanguliza mguu wa kushoto, kwa hiyo kifua chake kinatazama kulia na mgongo uko kushoto. Anayempita kwa kushoto, nyuma, hamwoni kabisa. Ugomvi mwingi wa milimani kati ya watu wa skii na watu wa mbao unaanzia kwenye upofu huo. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Skii, zilizotungwa mwaka 1967, zinampa mzigo aliye juu: wa chini ana haki ya njia, wa juu ndiye atafute pa kupita.

Ugomvi wenyewe una historia. Siku ya Krismasi ya mwaka 1965, mjini Muskegon, Michigan, Sherman Poppen aliunganisha skii mbili ili binti zake wasimame juu yake na kuteleza. Kichezeo kile kikauzwa kwa wingi. Mwaka 1977 kijana aitwaye Jake Burton Carpenter alianza kutengeneza mbao zake huko Vermont, akiboresha wazo lile. Milima haikuwataka watu wa ubao. Wateja wa skii walilalamika kwamba vijana hawa wanakwangua theluji na hawana adabu, na bima nayo ikawa kisingizio. Mlima wa Stratton, hapohapo Vermont, ulifungua mlango mwaka 1983, na mingine ikafuata. Hadi leo milima mitatu Marekani haimruhusu mtu wa ubao: Alta na Deer Valley za Utah, na Mad River Glen ya Vermont.

Wakati wamefungiwa, vijana walijitafutia pa kurukia. Mfereji mmojawapo wa mwanzo ulikuwa karibu na jalala la Tahoe City, California, mwishoni mwa miaka ya 1970. Hapakuwa na doria wala mwenye mali. Wengi wao walikuwa watoto wa skeitibodi, na nadhani desturi ya zamu waliibeba huko, kwenye mabwawa makavu ya kuogelea ambamo wawili wakishuka pamoja wanagongana katikati. Kwa hiyo milima ilipokuja kujenga paki rasmi iliikuta adabu imeshakomaa. Ikaiandika tu kwenye mabango. Bango la siku hizi, linalotumika sehemu nyingi za Marekani, hufupisha mambo kwa maneno matano: anza na kidogo, panga safari yako, tazama kila mara, heshimu, na usijipe kazi kubwa kuliko uwezo wako. Ni bango zuri. Kasoro yake ni kuwa limeandikwa kana kwamba kila mtu yuko peke yake pakini, na halimwonyeshi mgeni namna ya kupishanisha mikono.

Michezo ya Olimpiki iliipokea hafupaipu ya ubao mwaka 1998 huko Nagano, mashindano yaleyale ambayo Philip Boit wa Kenya alishiriki skii za nyikani. Mashindano ya kupitia reli na matuta yaliingia Sochi mwaka 2014. Ukubwa umepanda nao. Kuta za hafupaipu ya mashindano zina urefu wa mita 6.7, na mabingwa hupaa mita kadhaa juu ya ukingo. Desemba 31, 2009, Kevin Pearce, aliyetazamiwa kung'ara kwenye Olimpiki ya Vancouver wiki chache baadaye, alianguka mazoezini kwenye hafupaipu ya Park City, Utah. Alipona, lakini ubongo ulikuwa umeumia kiasi kwamba hakushindana tena. Januari 2012, kwenye mlima huohuo, Mkanada Sarah Burke alianguka mazoezini na kufariki siku tisa baadaye, akiwa na miaka 29. Yeye ndiye aliyepigania hafupaipu ya skii iingie Olimpiki, ikaingia bila yeye. Wote wawili walikuwa wamevaa helmeti. Silitaji hilo kumkatisha mtu tamaa ya helmeti. Inasaidia kuzuia fuvu kupasuka na ngozi kuchanika, na paki bila helmeti ni ujinga. Ila haizuii ubongo kutikisika ndani, na mzazi anayedhani amemaliza kazi akishainunua amemaliza nusu.

Mtu wa Afrika Mashariki atauliza haya yanamhusu nini. Lesotho, kwenye kituo cha Afriski kilicho zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, kuna paki iitwayo Kapoko, na kila msimu wa baridi wa kusini vijana wa Afrika huruka pale. Dubai, ndani ya jengo la maduka, Ski Dubai imekuwa na theluji tangu mwaka 2005 huku nje jua likichoma, na ndugu zetu wengi wanaofanya kazi Ghuba wameonja ubao mara ya kwanza humo. Ila wanaohusika zaidi ni wazazi wa Denver, Aurora na Salt Lake City, waliotoka Bukavu, Bujumbura, Kigoma na Mombasa. Watoto wao wanapelekwa mlimani na shule, marafiki au miradi ya vijana. Burlington, Vermont, kampuni ya Burton ilianzisha mwaka 1995 mradi uitwao Chill, unaowapeleka vijana wasio na uwezo kujifunza ubao bure. Mtoto anajua mambo ambayo baba hajawahi kuyasikia, na fomu ya kukubali hatari imeshasainiwa kwa Kiingereza cha mawakili.

Nirudi kwenye lile tuta. Watu wa doria walifika kwa mpwa wangu wakiwa wawili, wakikokota machela ya kuteleza. Mmoja alipiga magoti, akamshika kichwa pande zote mbili, akamwambia asigeuke. Wa pili akamuuliza maswali. Jina lako? Akajibu. Leo siku gani? Akajibu. Umekuja na nani? "Mjomba." Yule bwana akamtazama mwenzake, nikaona uso umebadilika, alidhani mtoto ameanza kuweweseka. Ikabidi nipige kelele nikiwa uzioni kwamba mjomba ndiye mimi. Walicheka baadaye, si wakati ule.

Hakuumia kichwa wala mgongo. Alikuwa amepungukiwa kasi, akatua juu ya kifundo cha tuta, akakinga kwa kiganja kilichonyooshwa, na mfupa wa mkono karibu na kiganja ukapata ufa. Watu wa ubao wanaumia hapo mno. Wanaofundisha huwaambia wakunje ngumi na kuangukia mkono wote wa chini, lakini nani anakumbuka? Sababu ya kupungukiwa kasi ilikuwa jua. Asubuhi aliruka tuta lile mara tatu likiwa limeganda na kuteleza kama kioo. Saa saba mchana theluji ya njia ya kuingilia ilikuwa imelainika na kuushika ubao, naye akaanza palepale alipoanzia asubuhi. Alipaswa kupita kando kwanza, aone. Hilo ni kosa lake, na nilimwambia mama yake hivyo.

Dada yangu aliniuliza swali moja tu kwenye simu: wale wengine waliokuwa nyuma yake walifanya nini? Nikamweleza habari za msichana. Alikaa kimya, kisha akaniambia nimtafute nimshukuru. Nilirudi. Foleni ilikuwa imeshaanza tena, wanapaza sauti, wanashuka mmoja mmoja, na suruali za pinki zilikuwa tatu.

Mzazi mwenzangu uliye huko, bei ya tiketi na ya koti utazijua mwenyewe. Naomba jambo moja. Kabla hajaanza msimu, simama naye langoni mbele ya lile yai la chungwa, umtafsirishe bango zima kwa Kiswahili, neno kwa neno, halafu mwambie akuonyeshe kwa mikono ishara ya kufunga tuta. Asipoijua, arudi kwenye njia ya kijani mpaka aijue.